Nyumba ya Alama Tisini na Mbili

Nyumba ya kwanza ilipata alama arobaini na moja kwa mia. Mwalimu Mkuu aliiandika namba hiyo kwa kalamu nyekundu, akaizungushia duara, kisha akanitazama kana kwamba aliyefeli ni mimi.

Mwalimu Mkuu ni mama wa mchumba wangu. Alistaafu miaka sita iliyopita, lakini ualimu ulikataa kustaafu naye. Mimi na mwanawe tulipokubaliana kutafuta nyumba ya kuanzia maisha, yeye alikwenda kuchapisha karatasi. Juu iliandikwa kwa herufi kubwa: MAKAZI BORA KWA WANANDOA. Chini kulikuwa na vipengele kumi, kila kimoja alama kumi: utulivu, usalama, ukaribu wa hospitali, hadhi ya majirani, na upuuzi mwingine wa aina hiyo. Nilitafuta kipengele kinachomuuliza bibi harusi anapenda nini. Hakikuwepo.

"Karatasi inasaidia," aliniambia. "Watu wanachagua nyumba kwa moyo. Moyo ni mwanafunzi mvivu."

Niliinamisha kichwa kwa adabu. Rohoni nilikuwa nacheka kicheko kibaya.

Mimi ni fundi mapazia. Kwa miaka tisa nimeingia majumbani mwa watu nikiwa na tepu shingoni, na hakuna anayejali fundi anaona nini. Nimeona nyumba zenye hadhi ambamo mke anakwenda kulia bafuni na kufungulia maji ili asisikike. Nimeona chumba kimoja na jiko la mlangoni, na humo ndani watu wanacheka mpaka majirani wanagonga ukuta. Usiniletee mimi karatasi ya vipengele kumi.

Nilichotaka kilikuwa kitu kimoja, na nilikisema tangu mwanzo: chumba chenye jua la asubuhi, niweke cherehani yangu na meza ya kukatia. Aliyewahi kupitisha uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi ananielewa. Taa inadanganya rangi. Jua halidanganyi.

Nyumba ile ya kwanza ilikuwa nacho. Chumba cha mbele kilitazama barabara, dirisha kubwa, na jua lilikuwa limelala sakafuni lote. Nilisimama katikati yake, nikajiona na sindano mkononi, wateja wakinisalimia kupitia dirishani.

"Nimeipenda," nikasema.

"Kelele," alisema Mwalimu Mkuu, na kuandika mbili.

"Ni watu wanapita, mama. Wanaopita ndio wateja."

"Hadhi ya majirani, moja. Nimemwona fundi viatu hapo mlangoni."

"Fundi viatu anamjua kila anayepita. Huyo ni mlinzi asiyelala."

"Sikuuliza swali, binti."

Nikamgeukia mchumba wangu anitetee. Alikuwa amevua miwani, anaifuta kwa ncha ya shati, taratibu, kioo cha kushoto halafu cha kulia.

Hapo ni lazima nieleze habari zake. Yeye ni mfamasia. Shangazi yangu alimpa jina la Kijiko Kimoja, kwa kuwa hata akikupa mkono ni kama anakupimia dozi. Tulijuana aliponiletea koti lake jeupe la kazini, mfuko umechanika. Nikalishona. Baada ya wiki akaleta tena, mfuko ule ule. Mara ya tatu nikauangalia vizuri, nikaona umekatwa kwa mkasi.

"Huu haukuchanika," nikamwambia.

Masikio yake yalibadilika rangi. "Sikuwa na sababu nyingine ya kuja."

Nilimpenda siku hiyo hiyo. Mwanamume mzima, msomi, anakata koti la kazi ili anione! Lakini nilijua pia udhaifu wake. Ukweli ukimbishia hodi, na yeye hataki kufungua, anavua miwani na kuifuta. Nilidhani ni tabia ndogo ya kuchekesha.

"Mpenzi, kweli pana kelele kidogo," akasema, miwani bado mkononi.

Nyumba ya pili ilikuwa ghorofa ya tatu na haikuwa na lifti. Magoti ya Mwalimu Mkuu yalisema hapana kabla hajafungua mdomo. Hamsini na tatu. Nikajiuliza magoti yake yanahusu nini nyumba yangu, halafu nikajikemea kwa kumfikiria vibaya mzee wa watu.

Tukaenda ya tatu.

Dalali alikuwa kijana wa suti ya kuazima na maneno mengi. Kwenye nyumba mbili za kwanza alihangaika na funguo kama mwizi anayejifunza. Hapa ufunguo uliingia mara moja.

"Hii sasa ndiyo nyumba, mheshimiwa," alimwambia mchumba wangu. "Mtaa umetulia. Hata mbwa wa hapa wanabweka kwa zamu."

Ndani palikuwa na giza. Mchumba wangu akanyoosha mkono nyuma ya mlango na kuwasha taa. Swichi ilikuwa mahali pa ajabu, chini, karibu na kiuno, nyuma kabisa ya bawaba. Aliipata bila kupapasa.

"Umejuaje iko huko?" nikamuuliza.

"Bahati tu."

Mwalimu Mkuu alikuwa ameshaanza kuandika. Utulivu, kumi. Usalama, kumi. Hadhi ya majirani, tisa, nadhani moja aliibakiza ili asionekane mwepesi. Alitoa alama za jikoni kabla hajafika jikoni, akajumlisha: tisini na mbili. Mimi nilitazama juu, kwa mazoea ya kazi, nikaona mabomba ya mapazia. Mapya. Bado yana karatasi ya dukani kwenye ncha.

"Wapangaji waliotoka wameacha mabomba?" nikamuuliza dalali.

"Eeh, dada, hawa watu... walikuwa wakarimu sana."

Nikapita. Sebule, jiko, chumba kikubwa, stoo isiyo na dirisha. Halafu nikasukuma mlango wa mwisho, na nikasahau hasira zangu zote. Jua! Limeingia mpaka ukutani. Chumba cha mashariki, kikavu, meza yangu ya kukatia ingekaa pale, cherehani pale, pasi kwenye kona.

"Njoo uone!" nilimwita mchumba wangu. Nilimshika mkono mbele ya mama yake, jambo ambalo sijawahi kulifanya. "Hiki hapa. Hiki ndicho chumba changu. Basi, tuchukue hii. Nakubali hata huo utulivu wa makaburini."

Aliutoa mkono wake. Mama yake aliinamia karatasi. Dalali alijifanya anasoma simu.

"Hiki ni cha wageni," mchumba wangu akasema hatimaye.

"Wageni gani? Wageni watalala sebuleni. Subiri nipime."

Tepu haikosi kwenye mkoba wangu. Nikapanda kwenye ndoo ya rangi iliyoachwa pale, nikapima kimo cha dirisha upande wa kushoto. Mia moja thelathini na nane. Nikahamia kulia. Mia moja arobaini na moja.

Nikapima tena. Dirisha lilikuwa limekwenda upande, sentimita tatu kamili.

Nikashuka kwenye ndoo polepole. Namba hizo nilizijua.

Karakana yetu ni ya shangazi, iko kichochoroni, nyuma ya maghala. Bango letu dogo halileti wateja wengi. Kazi nyingi inatoka kwenye duka kubwa la mapazia la katikati ya mji, lile la vioo vitupu na wasichana wenye tai. Wao wanapokea wateja, wanakwenda kupima, kisha wanatuletea kitambaa na karatasi ya vipimo. Jina la mteja haliandikwi, namba tu. Mteja anaamini nyuma ya vile vioo kuna kiwanda.

Majuma mawili nyuma tulikuwa tumeletewa oda ya madirisha sita. Kitambaa rangi ya chai iliyomwagika. Dirisha moja lilikuwa na maelezo yake: "Chumba cha Mama. Kushoto 138, kulia 141. Msisahihishe, dirisha ndivyo lilivyo. Bitana mara mbili, mwanga usiingie hata kidogo."

Shangazi alisoma, akacheka mpaka akashika meza. "Huyu mama ni popo?"

Nami nikacheka. Nikalishona. Siku mbili nzima, bitana mara mbili, pindo limepanda kidogo kidogo ili kufuata ule mshazari. Nilijisifu kwa kazi ile.

"Dalali," nikaita. Sauti yangu ilitoka tulivu, hata mimi niliishangaa. "Shika tepu hii. Nenda jikoni ukapime dirisha. Upana themanini na tano, kimo sitini na nne. Kahakikishe."

"Mpenzi, ya nini sasa?" mchumba wangu akasema.

"Mwache akapime."

Dalali akaenda. Tukasikia tepu ikigongagonga kigae.

"Themanini na tano!" akapaza sauti kutoka jikoni. "Kwa... sitini na nne! Dada, wewe ni mganga?"

"Sebuleni mia tatu na kumi!" nikamjibu. "Lakini usijisumbue, inatosha."

Mwalimu Mkuu alikunja karatasi yake mara mbili. "Mchezo gani huu?"

"Mapazia ya nyumba hii yako kwetu, mama. Yameshapigwa pasi."

"Haiwezekani. Mimi mapazia yangu nimeagiza duka la maana, sio huko vichochoroni k—"

Akauziba mdomo kwa karatasi. Lakini neno likishatoka halirudi.

"Ndilo hilo hilo duka," nikasema. "Wao wanapima. Kichochoro kinashona."

Nilifurahi kidogo kuona uso wake, sitaki kudanganya. Huyu ndiye mama aliyewahi kuniambia mbele za watu kwamba kushona ni kazi nzuri kwa msichana ambaye hesabu zimemshinda. Na sasa hesabu ya dirisha lake la mshazari ilikuwa imemshika.

Nikamgeukia mwanawe.

"Lini?"

"Mpenzi, tukae kwanza tu—"

"Tukae wapi, kwenye ndoo? Nyumba hii mlichukua lini?"

"Mwezi uliopita," akasema.

"Tarehe tatu," mama yake akasahihisha. Hata kwenye aibu hakuacha kusahihisha.

"Kwa hiyo zile nyumba mbili? Zile ngazi? Zile alama?"

Mwalimu Mkuu ndiye aliyejibu, na alijibu bila haya, kama anavyojibiwa mzazi aliyekuja kulalamika ofisini. "Ili ujione umeshirikishwa. Mwanamke akishirikishwa anatulia. Nilitaka utulie, kwa faida yako."

Nilimtazama kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka viatu. Mtu mzima, nywele nyeupe, amekaa usiku mzima anachapisha mtihani ambao majibu anayo mkobani, ili anipandishe ngazi na kunishusha. Kama ni akili, basi mimi naomba nibaki na ujinga wangu.

"Na wewe ulikuwa unahamia lini, mama?"

"Nyumba ya mwanangu siombi ruhusa."

"Sawa. Na cherehani yangu?" Hilo nilimuuliza mwanawe. "Nilikwambia mara ngapi? Chumba kimoja. Kitu kimoja."

"Kuna stoo," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilifikiria tuweke taa nzuri sana. Nimeona zipo za—"

"Stoo haina dirisha. Hiki chenye jua mmekipa bitana mara mbili."

"Nilikuwa natafuta wakati mzuri wa kukwambia."

"Njia ya mwongo fupi, mfamasia. Yako imeishia hapa dirishani."

Akavua miwani. Ncha ya shati ikapanda, kioo cha kushoto, kioo cha kulia. Zamani mkono ule ulinifanya nitabasamu. Siku ile nilitamani kuipiga ile miwani teke.

"Naomba kalamu," nikamwambia Mwalimu Mkuu.

Akanipa. Ni mazoea, nadhani. Mtu akiomba kalamu, mwalimu anatoa. Nikaichukua na karatasi yake pia, nikaikunjua ukutani. Chini ya kipengele cha kumi nikaandika: "11. Mke ameulizwa." Mbele yake nikaandika sifuri, nikaizungushia duara. Nikamrudishia vyote kwa mikono miwili, kwa heshima, kama nilivyofundishwa nyumbani.

Dalali alinikimbilia mpaka barabarani kunirudishia tepu.

"Pole, dada. Mimi niliambiwa tu nikuzungushe."

"Ile ya kwanza bado ipo?"

Akanikodolea macho. "Ile ya arobaini na moja?"

"Hiyo hiyo."

Nililia njiani, tena sana, na wapita njia wakanitazama. Nilimpenda yule mwanamume. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko uongo wenyewe.

Jumatatu shangazi alinikuta nimesimama mbele ya yale mapazia ya rangi ya chai. Nilikuwa nimeshamsimulia yote, na yeye alikuwa ameshatukana kila alichoweza kutukana.

"Nipe mkasi," akasema. "Mkato mmoja tu. Katikati."

"Hapana, shangazi. Kazi ni kazi. Yaende."

"Kijiko Kimoja hastahili hata kipande cha uzi wako."

"Najua. Mkunjo wa mwisho huo, shika upande ule."

Tukakunja. Nililikagua lile la Chumba cha Mama kwa mara ya mwisho, nikalinyanyua kwenye mlango wa karakana. Halikupitisha hata tone la mwanga. Mwalimu Mkuu asingepata pa kulikosoa, na alikuwa analijua jina la aliyelishona.

Jumatano mchana nilikuwa ndani ya nyumba ya kwanza. Mimi na shangazi tuliichukua: chumba cha mbele karakana, cha nyuma pa kulala. Fundi viatu alitusaidia kuingiza meza ya kukatia na hakutuuliza hadhi yetu. Nilikuwa juu ya kiti, najiandaa kupima dirisha langu mwenyewe, nilipohisi kivuli mlangoni.

Alikuwa amevaa koti lake jeupe. Mfuko ulikuwa unaning'inia.

"Umechanika," akasema.

Niliutazama. Mkasi, tena mkasi usio na makali.

Moyo wangu ni mjinga, niseme tu. Uliruka. Alikuwa amekonda kwa siku nne, ndevu hazikunyolewa, na alinitazama kama mtu aliyepotea njia siku nzima na sasa ameona taa.

"Shangazi yako yuko?"

"Amekwenda sokoni. Bahati yako."

Akaingia. Akatazama jua sakafuni, akatazama cherehani ilipokaa.

"Ulikuwa sahihi kuhusu hiki chumba," akasema. "Nilijua siku ile ile uko sahihi. Nilinyamaza."

"Ndiyo. Ulinyamaza."

"Sitanyamaza tena. Nyumba ile nimwachie mama, akae na mapazia yake. Mimi nije hapa. Kelele nitazoea. Stoo nitalala mimi, ukitaka." Akajaribu kutabasamu. "Nimeshaamua. Hakuna karatasi."

"Mama amesemaje?"

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Leo. Nikitoka hapa, leo hii. Niamini mara hii moja, mpenzi. Siombi mbili."

Alisema vizuri. Alisema jinsi nilivyotamani aseme Jumamosi, tulipozungukia nyumba, na macho yake hayakuhama usoni kwangu. Nilihisi dharau yangu yote inaanza kulainika, na nikaichukia ile dalili, lakini sikuizuia. Nikamshushia ncha ya tepu.

"Shika hapo chini," nikasema. "Ibane vizuri kwenye kizingiti cha dirisha, hapo karibu na sakafu. Usiipindishe."

Akapiga goti kwenye sakafu ya karakana yangu, koti jeupe likagusa vumbi, akashika ncha ya tepu kwa vidole viwili kama anashika kitu cha thamani. Tulikuwa karibu sana. Niliona utosi wake. Kidogo tu ningenyoosha mkono.

Simu yake ikaita mfukoni, mfuko ule mzima.

Tulijua sote ni nani. Ule mlio alimwekea yeye peke yake.

"Pokea," nikasema.

Akanitazama. Akaitazama simu. Sikushuka kwenye kiti. Nilisubiri sentensi moja: niko kwake, mama. Maneno matatu. Hata mtoto wa chekechea angeyasema.

Akaweka simu sikioni. Mkono wa pili ukaachia tepu, ukapanda usoni, ukavua miwani. Ncha ya shati ikatoka chini ya koti. Kioo cha kushoto.

"Naam, mama," akasema. Kioo cha kulia. "Hapana... hapana, niko kazini."

Nikashuka kwenye kiti. Nikaiokota ncha ya tepu sakafuni, pembeni ya goti lake, nikaibana mwenyewe kwa kidole cha mguu kwenye kizingiti, nikanyoosha mkono juu. Kimo kilikuwa mia moja sitini kushoto, na mia moja sitini kulia. Nikaandika ukutani kwa chaki, nikamwambia asinizibie mwanga.